Funza, Sakafu na Nyayo za Mbwa

Mbwa aliyezoea kushikwashikwa akianza ghafla kuukwepesha mguu, akinguruma anapoguswa vidole na kushinda akijilamba katikati ya kucha, wenyeji wa vilima vya chai vya Kericho na Bomet humdhania amechomwa na mwiba. Huenda ni kweli. Kisiki cha mchai uliopogolewa kinaweza kumkata, kupe hupenda kujificha katikati ya vidole, na ukucha uliovunjika huuma kwa siku kadhaa. Ila sababu hizo kwa kawaida hugusa mguu mmoja wa mbwa mmoja. Miguu miwili au mitatu ikishikwa kwa pamoja, na mbwa wa jirani naye akachechemea, afadhali mtu atafute vidoto vyeupe vyenye kitovu cheusi kwenye ngozi laini ya nyayo. Hao ni funza. Historia yao Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kama historia ya miguu ya binadamu na uvivu wa kuiosha. Mguu wa mbwa unatoa ushahidi tofauti: hii ni historia ya udongo, na hasa ya sakafu.

Funza, ambaye wataalamu humwita Tunga penetrans, si mzaliwa wa bara hili. Kwao ni Amerika ya kitropiki. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell, ikitoka Rio de Janeiro, ilifika Ambriz katika pwani ya Angola ikiwa na farumi ya mchanga, na mchanga huo ndio unaotajwa kumleta mdudu aliyeenea barani. Hakuchukua hata miaka thelathini kulivuka bara zima. Alifuata njia za misafara, kambi za wapagazi na vikosi vya askari. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 msafiri Oscar Baumann alikuta watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria wakiteseka naye, na kabla ya karne kwisha alikwisha kufika Zanzibar. Alikuja basi kutoka magharibi, kinyume cha njia waliyoizoea watu wa pwani, ambao bidhaa na maradhi mengi yaliwafikia kwa jahazi. Nchi ya Wakipsigis, yaani vilima hivi vya Kericho na Bomet, ilikuwa pembeni kidogo mwa barabara kuu ya misafara ya Uganda, lakini reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita Fort Ternan na Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Popote palipokuwa na vibarua wanaolala chini, funza hakuhitaji tiketi.

Kwa maumbile yake, mdudu huyu hapaswi kustawi Kericho. Jike hana urefu unaozidi milimita moja. Hujipenyeza ngozini, akavimba kwa mayai hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere, kisha mayai huanguka chini, na viluwiluwi vyake hukulia katika vumbi kavu lenye joto. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, nyingi ikija alasiri. Udongo wa nje hauna nafasi ya kukauka na kuwa vumbi. Udongo mkavu wa kudumu unapatikana chini ya paa tu: ndani ya nyumba isiyo na saruji, chini ya ghala la mahindi, ukingoni mwa jiko lenye moto. Hapo ndipo mbwa analala. Mvua inayodhaniwa kuwa kinga kwa kweli inawakusanya funza, mbwa na watoto kwenye kipande kimoja kidogo cha ardhi. Murang'a, ambako nako ni milima na chai, panajulikana nchini Kenya kwa tatizo hili, kwa hiyo baridi ya juu peke yake si ngome.

Nyumba ya kale ya Wakipsigis nayo ilikuwa na sakafu ya udongo, na mtu anaweza kuuliza tofauti iko wapi. Tofauti ni ng'ombe. Sakafu iliyosiribwa kwa samadi mara kwa mara hushikana, haitoi vumbi jingi, na nyufa zake huzibwa. Kazi hiyo inahitaji boma lenye mifugo na mtu mwenye muda. Mradi wa kitani wa maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani ulipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, ardhi ya Kericho ikaingia mikononi mwa makampuni ya chai, Brooke Bond na kampuni ya James Finlay, katikati ya muongo huohuo. Vibarua wengi walitoka mbali, Nyanza na nchi ya Waluhya na Wagusii, na wakawekwa katika laini za vibanda. Mwanamume aliyeacha ng'ombe zake nyumbani angeitoa wapi samadi ya kusiriba, na baada ya kutwa nzima shambani angesiriba saa ngapi? Kwa maoni yangu, hapo ndipo funza alipopata makao yaliyomfaa kuliko yote, yaani sakafu ya udongo isiyo na mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kuutafutia uchafu udhuru: anayenawa miguu na kuvaa viatu hapati funza. Viatu husaidia, wala sibishi. Lakini hoja ya uchafu inamwacha mbwa bila maelezo. Yeye hujilamba miguu kutwa kucha kuliko mtu yeyote anavyonawa, na bado anaumwa, kwa sababu kila anapolala anarudi penye viluwiluwi. Wengine watasema basi mbwa ndiye mkosaji, auawe. Afrika ilikuwa na mbwa kwa maelfu ya miaka kabla ya 1872, na hakuna aliyezaa funza. Hata utafiti uliofanywa Bugiri, Uganda, ulionyesha kwamba mnyama mwenye mzigo mkubwa huko ni nguruwe. Kwa kuwa Wakipsigis hawakuwa wafugaji wa nguruwe kwa desturi, ni busara kumtazama mbwa kwanza katika nchi hii, ila kama mgonjwa anayeshiriki sakafu na wenzake.

Tiba zilizozoeleka zimebaki kwenye mguu wa mtu. Mwiba ulipisha pini, na pini moja ikapita miguu ya watoto wengi, ikiacha vidonda vinavyoweza kuingia pepopunda. Yakaja mabeseni ya maji ya zambarau ya pamanganeti ya potasiamu. Jaribio lililofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 lililinganisha maji hayo na mafuta ya dimetikoni: baada ya siku saba, asilimia 78 ya funza waliopakwa dimetikoni hawakuonyesha tena dalili ya uhai, dhidi ya asilimia 39 upande wa pili. Mwaka huohuo Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kupambana na funza. Hayo ni maendeleo, lakini mtoto aliyepona akirudi kulala kwenye vumbi lilelile, karibu na mbwa yuleyule anayedondosha mayai, baada ya wiki chache atahitaji beseni tena. Kenya ina pia mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa kati ya 2014 na 2030, ambao kwa ajili yake mbwa hukusanywa vijijini kuchanjwa. Siku ya chanjo mbwa yupo, mwenyewe yupo, mtu wa mifugo yupo na kitambaa cha kumfunga mdomo. Kumwinua miguu minne akaangaliwa katikati ya vidole hakuzidi dakika mbili, na anayekataa kabisa kuguswa ndiye wa kuanza naye, kisha aulizwe mwenyewe mbwa huyu hulala wapi.