Maji yanavyomsaidia aliyepooza, na kwa nini si maji yoyote

KIBARANI ni shingo ya Mombasa. Kila atokaye kisiwani kupitia Makupa kuelekea Changamwe, Miritini au Nairobi hupita hapo, maji ya chumvi yakiwa karibu naye. Kwa mkazi wa hapo ambaye mzazi wake amepatwa na kiharusi, au ambaye mtoto wake ana utindio wa ubongo, ushauri wa kumpeleka mgonjwa majini huja upesi: kutoka kwa jirani, kutoka redioni, na siku hizi kutoka simuni.

Ushauri huo una ukweli ndani yake. Hata hivyo, maji yaliyo karibu na mlango si lazima yawe ndiyo yanayofaa, na anayetaka kumsaidia mgonjwa wake hana budi kuujua mpaka huo.

Tiba ya maji inayozungumziwa hapa ni mazoezi ya viungo yanayofanywa mgonjwa akiwa amezama hadi kiunoni, kifuani au shingoni, mtaalamu wa fiziotherapia akiwa pamoja naye. Haihusu kunywa maji kwa wingi, wala haihusu maji ya kombe, ambayo yana mlango wake na watu wake. Hukusudiwa wale ambao ubongo wao, uti wa mgongo au neva zimedhurika, hivi kwamba amri ya kusogeza mkono au mguu haifiki, au hufika ikiwa imepotoka.

Kanuni yenyewe ni kongwe. Archimedes, Mgiriki wa Sirakuse, alieleza zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba kitu kilichozama husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasogeza. Mtu akisimama katika maji ya kiunoni, miguu yake hubeba takriban nusu ya uzito wa mwili. Maji yakifika kifuani, hubeba kama theluthi. Yakifika shingoni, husalia sehemu moja kati ya 10. Mwanamume wa kilo 70, ambaye nchi kavu huhitaji watu wawili kumsimamisha, huweza kusimama humo huku miguu yake ikibeba kilo saba tu.

Faida ya pili haisemwi sana, nayo pengine ndiyo kubwa. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na kwa hiyo mtu hawezi kuanguka ghafla ndani yake. Aliyeyumba hupata nafasi ya kujua kwamba anayumba, ya kuinua mkono, ya kurudisha mguu mahali pake. Nchi kavu, aliyepooza upande mmoja huwa ameshafika sakafuni kabla ubongo wake haujapanga jibu. Majini huweza kukosea mara 20 katika kipindi kimoja bila kuumia, na ubongo uliojeruhiwa hujifunza upya kwa njia hiyo: kwa kurudia.

Faida ya tatu ni joto. Kwa wagonjwa wengi wa neva, wataalamu hupendelea maji ya nyuzijoto 33 hadi 35 za selsiasi. Joto hilo hulegeza misuli iliyokakamaa, na mtoto ambaye mapaja yake yamebanana kama makasi huanza kufunguka. Watu wa Pwani hawakuhitaji kuambiwa hili na mgeni. Mama aliyejifungua amekuwa akikandwa kwa maji ya moto tangu enzi za mabibi zetu.

Lakini hapo hapo pana hatari. Mguu uliopoteza hisia hausemi unapochomwa, na yule anayekandwa kwa maji makali akidhaniwa kuwa anapata nafuu anaweza kuwa anababuka ngozi. Maji ya kumkanda mgonjwa wa namna hii yapimwe kwa kiwiko cha mkandaji, kamwe yasipimwe kwa mguu wa mgonjwa.

Ilivyogeuka kuwa fani

Karne iliyopita ndiyo iliyoyatoa maji katika desturi na kuyaingiza katika taaluma, na msukumo mkubwa ulitokana na ugonjwa wa polio. Mwaka 1921, Franklin D. Roosevelt, mwanasiasa wa Marekani, alipooza miguu. Mwaka 1924 alifika Warm Springs, jimboni Georgia, penye chemchemi za maji ya vuguvugu, akaona kwamba humo aliweza kusimama na kusogeza miguu kuliko mahali pengine popote. Miaka miwili baadaye alipanunua na kupafanya kituo cha wagonjwa wa polio. Roosevelt hakupata tena kutembea bila msaada, na jambo hilo halifai kufichwa: chemchemi zilimpa nguvu zaidi na uhuru wa mwendo akiwa majini, hazikumrudishia neva zilizokufa. Aliingia Ikulu ya Marekani mwaka 1933 akiwa bado anatumia vyuma vya miguu na kiti cha magurudumu.

Njia inayotumika sana leo ilianzia London mwaka 1949. James McMillan, mhandisi aliyeujua mwendo wa maji, alianza kuwafunza kuogelea wasichana wenye ulemavu wa shule ya Halliwick. Alikataa kuwavika maboya. Kila mwanafunzi alikuwa na mwalimu wake mmoja ndani ya maji, na mafunzo yalipangwa katika hatua 10. Hatua ya kwanza haikuwa kupiga mbizi wala kurusha mikono, bali kuyazoea maji: kutumbukiza uso, kupuliza mapovu, kuacha kuogopa. Baadaye hufuata kudhibiti mzunguko wa mwili, yaani kujigeuza kutoka kulala kifudifudi hadi chali ili mdomo utoke hewani. Mtoto wa utindio wa ubongo akilipata hilo, amepata jambo ambalo pengine kitandani hawezi kulitenda.

Je, ushahidi wa kitabibu unasemaje? Kwa kiharusi, tuwe na tahadhari. Uchambuzi wa shirika la Cochrane uliotolewa mwaka 2011 ulipata majaribio manne tu, yenye jumla ya washiriki 94, na ukahitimisha kwamba hayakutosha kuthibitisha wala kukanusha kuwa mazoezi ya majini hupunguza utegemezi wa mgonjwa katika shughuli za kila siku. Kwa ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, hali ni njema zaidi. Uchambuzi wa shirika hilo hilo wa mwaka 2023, uliokusanya zaidi ya majaribio 150 ya mazoezi ya kila aina, uliyaweka ya majini miongoni mwa yale yanayoboresha maisha ya mgonjwa. Mwenye kudai kwamba maji "yanaponya" kiharusi, basi, anauza kitu ambacho hanacho.

Kuna ugonjwa mmoja ambao kanuni ya joto hugeuka kichwa chini. Ni sklerosisi ya neva, ambapo kinga ya mwili hushambulia ala zinazofunika neva. Wilhelm Uhthoff, tabibu wa macho wa Ujerumani, alieleza mwaka 1890 jinsi wagonjwa hao walivyozidiwa, hata kufifia uwezo wa kuona, miili yao ilipopata joto. Hao hufaa maji ya baridi kidogo, chini ya nyuzijoto 30.

Bahari yetu

Joto la bahari ya Mombasa huwa baina ya nyuzijoto 25 na 29 hivi, ikipoa wakati wa kusi karibu na Agosti na kupata joto kaskazi inapokwisha, mwezi Machi na Aprili. Hiyo ni bahari ya vuguvugu kwa mwogeleaji mzima, lakini ni baridi kwa aliyepooza, kwa kuwa maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa. Baada ya dakika 10 au 15 misuli iliyolegea huweza kukakamaa upya. Chumvi, kwa upande mwingine, ni rafiki: huongeza wepesi wa kuelea.

Sasa turudi Kibarani. Kwa miaka mingi taka za mji zilitupwa hapo, ukingoni mwa hori ya Makupa. Jaa hilo lilifungwa mwaka 2018 na sehemu yake ikapandwa miti na kufanywa bustani. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja jipya la Makupa, na moja ya sababu za kulijenga ilikuwa kuyaruhusu maji yapite tena mahali ambapo tuta la barabara lilikuwa limeyazuia. Hayo ni mambo ya kupongezwa. Lakini tope la chini halisafiki kwa kufunga lango. Watafiti waliolipima tope la hori hiyo miaka ya nyuma walikuta madini mazito ndani yake, na maji taka ya makazi hayajakoma kuteremkia baharini. Mwenye kidonda cha kulala, au mwenye mpira wa mkojo, akitiwa humo anaweza kutoka na maambukizi yatakayomrudisha wodini.

Wa kisiwani na kandokando yake wana ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, ambako miamba ya nje hupunguza nguvu ya mawimbi. Anayekwenda huko na mgonjwa achague siku za maji mafu. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na mkondo wake humshinda hata mwenye miguu yake miwili. Viatu vya mpira ni lazima: asiye na hisia za nyayo hatajua kwamba amekanyaga tumbawe, au wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, hadi damu ionekane. Na kiti cha magurudumu cha kawaida hakipiti kwenye mchanga laini. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Mbao chache zilizolazwa toka barabarani hadi majini zingekuwa mwanzo mzuri wa kuiheshimu haki hiyo.

Kidimbwi cha kuogelea cha maji ya kiasi, penye ngazi pana na chuma cha kushikilia, hufaa zaidi kuliko bahari. Hoteli za Pwani zinavyo vingi, na miezi ya Mei na Juni vingi huwa havina watu. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia akiandika barua, si aibu kwa jamaa kwenda kuuliza.

Kabla ya yote, mgonjwa apimwe. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa, homa, kidonda kilicho wazi, kuharisha, moyo dhaifu au shinikizo la damu lisilotulia asiingizwe majini. Anayepaliwa kila anapomeza ahitaji uangalizi wa pekee, kwani funda moja likiingia mapafuni linaweza kuleta nimonia. Aliyevunjika uti wa mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu aondoe mkojo kwanza: kibofu kilichojaa huweza kulipandisha shinikizo lake la damu ghafla, na dalili zake ni kichwa kuuma sana, uso kuwa mwekundu na jasho. Hapo atolewe mara moja, aketishwe wima, kiini kitafutwe na apelekwe hospitalini.

Kwa mtoto mdogo wa utindio wa ubongo ambaye wazazi wake hawana kidimbwi wala nauli, karai kubwa si la kudharauliwa. Maji yenye joto la mwili, dakika 10, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa mama, kisha kukaushwa na kunyooshwa viungo kama alivyoelekezwa kliniki, misuli ikiwa bado imelegea. Asiachwe peke yake humo hata kwa muda wa kufungua mlango. Na siku ya kliniki isirukwe kwa sababu karai lipo.