Panya Waliokufa kwa Maji Matamu

Katikati ya karne ya 20, wataalamu wengi wa tiba waliamini kwamba kinga ya mwili hujiendesha yenyewe, wala haipokei amri ya ubongo. Imani hiyo ilitikiswa na panya wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani. Mwanasaikolojia Robert Ader aliwanywesha maji yenye sakarini, kisha akawadunga siklofosfamidi, dawa iletayo kichefuchefu na kudhoofisha kinga. Alitaka wayachukie maji yale. Wakayachukia, lakini baadaye, waliponyweshwa utamu pasipo dawa, baadhi yao wakafa.

Mwaka 1975, yeye na Nicholas Cohen, mtaalamu wa kinga, walichapisha jibu: utamu peke yake ulitosha kupunguza protini za kingamwili katika damu ya panya hao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, David Felten akaonesha neva zikifika hadi kwenye chembe za kinga ndani ya wengu.

Ugunduzi huo haumlaumu mgonjwa kwa huzuni yake, wala hauifanyi furaha kuwa dawa ya kila ndwele. Unachokataza ni kumwambia mtu kwamba anachougua “ni mawazo tu”. Mawazo nayo yana njia zake mwilini.