Kutoka Umeya wa Mkahawa hadi Biashara ya Nyayo

Kila mfanyabiashara anapofunga hesabu jioni hujiuliza maswali mawili: nani amekuja leo, na je, atarudi? Mwenye duka la mtaani huyajibu bila chombo chochote, kwa kuwa wateja wake anawajua kwa sura, kwa majina na hata kwa madeni yao. Kampuni yenye matawi elfu haina macho ya namna hiyo. Kuanzia mwaka 2009, makampuni mengi ya Marekani yaliamini kwamba macho hayo yamepatikana ndani ya simu ya mteja. Mtu akiingia mkahawani alifungua programu, akachagua jina la mkahawa na kubonyeza kitufe, na marafiki zake wakapata habari kwamba yupo pale. Mwenye mkahawa naye alimshukuru kwa punguzo la bei au zawadi ndogo. Foursquare, Gowalla, Loopt na Facebook Places zote zilikitegemea kitendo hicho cha kujisajili mahali. Historia yao husimuliwa kama habari ya mchezo ulioshika kasi kisha ukachuja. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Kitufe kile, pamoja na kasoro zake zote, kilikuwa mapatano ya wazi kati ya mteja na muuzaji. Kilipoachwa, mteja aliendelea kuhesabiwa, lakini sasa bila yeye kutia neno, na uaminifu wake uliokuwa ukitafutwa tangu mwanzo haukununuliwa kwa hesabu hiyo.

Ili kuona kilichokuwa kipya, lazima turudi nyuma ya simu. Kampuni ya Sperry and Hutchinson, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1896, ilikuwa ikiwauzia wenye maduka stempu za kijani. Mnunuzi alipewa stempu kwa kadiri ya fedha alizotumia, akazibandika kwenye kijitabu, na kijitabu kilipojaa akakibadilisha kwa sufuria, taa au blanketi. Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wa AAdvantage, ambao ulimhesabia abiria maili alizosafiri. Mwaka 1995 maduka ya Tesco ya Uingereza yalitoa Clubcard, kadi iliyompa mteja pointi na kumpa Tesco orodha ya kila alichonunua. Mipango hii yote mitatu ilikuwa na kanuni moja: zawadi ilifuata fedha. Mteja alijua ametoa nini na atapata nini, na muuzaji alijua kwamba kila stempu au pointi ina mauzo nyuma yake. Programu za kujisajili mahali ziliivunja kanuni hiyo. Zilimtuza mtu kwa kufika, na zaidi ya hapo, kwa kutangaza kwamba amefika. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mvuto wao, na ndiyo chanzo cha udhaifu wao pia.

Wazo lenyewe halikutoka kwa wauzaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dennis Crowley na Alex Rainert, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York, walianzisha Dodgeball, huduma ya ujumbe mfupi wa simu. Mtu alituma jina la mahali alipo, na huduma ikawaarifu rafiki zake ili walio karibu wamfuate. Google iliinunua mwaka 2005, waanzilishi wake wakaondoka mwaka 2007, na mwanzoni mwa 2009 Google ikatangaza kuifunga. Machi mwaka huohuo Crowley, safari hii akiwa na Naveen Selvadurai, alizindua Foursquare kwenye tamasha la South by Southwest mjini Austin, Texas. Simu zilikuwa zimebadilika: ziliweza kujua zilipo kwa msaada wa satelaiti. Na wabunifu hawa waliongeza mchezo. Kila usajili ulileta pointi, baadhi ulileta beji, na aliyesajili siku nyingi kuliko wengine katika siku 60 zilizopita alivikwa taji la umeya wa mahali pale. Wakati huohuo, palepale Austin, Gowalla ilikuwa ikigawa mihuri na vitu vya kukusanya kwenye skrini. Kilichoanza kama njia ya kukutana na rafiki kikawa mashindano ya kumiliki mitaa.

Wenye biashara waliona upesi kwamba mchezo huu unawaletea vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza ni tangazo lisilolipiwa, tena linalotoka kwa rafiki anayeaminika. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa mteja ndiye alikuwa akiitembeza bidhaa, na bado ikaonekana njema. Cha pili ni njia ya kumtambua mteja wa kila siku. Mei 2010 Starbucks ilitangaza kwamba meya wa tawi lake lolote nchini Marekani atapunguziwa dola 1 kwenye kinywaji cha Frappuccino. Baa na mikahawa midogo iliandaa hafla za kuwakusanya watu 50 mahali pamoja, kwa sababu idadi hiyo ndiyo iliyofungua beji ya umati kwenye Foursquare. Agosti 2010 Facebook, iliyokuwa na mamia ya mamilioni ya watumiaji, ilileta Places, na Novemba ikaongeza zawadi za wafanyabiashara. Kampuni ya nguo ya Gap iliahidi suruali za jinzi za bure kwa wateja 10,000 wa kwanza watakaojisajili kwenye maduka yake. Katikati ya 2011 Foursquare ilitangaza kufikisha watumiaji milioni 10. Kwa duka dogo lisilo na fedha za matangazo ya redio au televisheni, hii ilikuwa nafasi ya kweli, na si haki kuibeza leo kwa kuwa tunajua ilivyoishia.

Hata hivyo, ushahidi wa miaka hiyohiyo unaonyesha kwamba kusajili na kurudi dukani ni mambo mawili. Tarehe 16 Aprili 2010, siku ambayo mashabiki wa Foursquare waliifanya sikukuu yao, McDonald's ilitumia takriban dola 1,000 kwa kadi za zawadi zilizogawiwa kwa bahati nasibu kwa waliojisajili katika migahawa yake. Habari zikaenea kwamba wateja waliongezeka kwa asilimia 33. Baadaye ikafafanuliwa kuwa kilichoongezeka kwa kiasi hicho ni usajili, si watu waliopita mlangoni. Kosa hilo la hesabu lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu makampuni mengi yalifanya lilelile moyoni: yaliona kitufe kinabonyezwa yakadhani mapenzi yanakua. Isitoshe, wengine walisajili wakiwa wamelala nyumbani, hata Foursquare ikalazimika mwezi huohuo wa Aprili kuanza kuthibitisha kwa satelaiti kwamba mtu yupo kweli mahali anapodai kabla ya kumpa umeya. Na umeya wenyewe ulikuwa na dosari ya kimsingi. Meya ni mmoja. Mteja wa pili, wa tatu na wa ishirini, ambao fedha zao ndizo zinazolipa kodi ya pango, hawakupata chochote ila kutazama taji kichwani mwa mwingine. Stempu za kijani zilimheshimu kila mnunuzi kwa kadiri yake, lakini umeya ulimheshimu bingwa na kuwasahau waaminifu.

Walikuwepo waliojaribu kuziba pengo hilo, na majaribio yao yanastahili sifa. Shopkick, iliyoanza Agosti 2010, iliweka kwenye milango ya maduka kama Best Buy na Macy's kifaa kinachotoa sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu. Kipaza sauti cha simu kiliinasa, na hapo ndipo mteja alipopewa pointi, hivyo udanganyifu ukawa mgumu. Mwaka 2011 American Express iliungana na Foursquare: mtu aliunganisha kadi yake ya malipo na akaunti yake, akajisajili dukani, akanunua kwa kiwango kilichowekwa, na sehemu ya fedha ikarudi kwenye kadi. Huu ulikuwa urejeo kwenye kanuni ya zamani ya zawadi kufuata fedha, na ulionyesha njia ambayo ingeweza kufuatwa: mteja anatangaza kwa hiari, ananunua kweli, analipwa waziwazi, na kila upande unaona mizani.

Lakini umma ulikuwa umekwisha kuchoka. Taasisi ya utafiti ya Pew ilieleza kwamba asilimia 18 ya Wamarekani wazima wenye simu janja walikuwa wakitumia huduma za kujisajili mwanzoni mwa 2012, na mwaka 2013 idadi hiyo ilishuka hadi asilimia 12. Timu ya Gowalla ilichukuliwa na Facebook mwishoni mwa 2011, na huduma yenyewe ikafungwa mwaka uliofuata. Loopt iliuzwa mwaka huohuo wa 2012. Mwaka 2014 Foursquare ilijigawa: kujisajili kukahamishiwa programu mpya ya Swarm, na jina la Foursquare likabaki kwa programu ya kutafuta mahali pa kula na kutembea. Kufikia hapo kampuni ilikuwa imegundua kwamba hazina yake haikuwa mataji. Ilikuwa ni mabilioni ya usajili ambao kila mmoja uliifundisha mashine jinsi mahali fulani panavyojitambulisha kwa satelaiti, minara ya simu na mitambo ya Wi-Fi iliyo karibu. Mtumiaji alikuwa amechora ramani bila ujira. Ramani ilipokamilika, mashine iliweza kukisia mtu yupo duka gani bila yeye kubonyeza kitu.

Uwezo huo ulionekana hadharani upesi. Septemba 2015 Foursquare ilitumia takwimu za watu wanaoingia kwenye maduka ya Apple kukisia kwamba simu mpya za iPhone zitakazouzwa mwishoni mwa juma la kwanza zitakuwa kati ya milioni 13 na 15. Apple ikatangaza zaidi ya milioni 13. Aprili 2016 ilibashiri kuwa mauzo ya migahawa ya Chipotle, iliyokuwa imekumbwa na mlipuko wa magonjwa ya chakula, yameshuka kwa karibu asilimia 30. Taarifa ya kampuni ikaonyesha asilimia 29.7 kwa migahawa yake ya zamani. Tangu hapo wateja wakuu wa Foursquare wakawa makampuni mengine: watangazaji, wawekezaji, watengenezaji wa programu. Mwaka 2020 iliungana na Factual, kampuni nyingine ya takwimu za mahali, na Desemba 2024 ikafunga programu yake ya kutafuta mahali, huku Swarm ikiendelea kwa wanaoipenda.

Hapa kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza inasema watu waliacha kujisajili kwa hiari yao, kwa hiyo hakuna aliyewanyang'anya kitu. Nusu yake ni kweli: walichoka, na takwimu za Pew zinathibitisha. Lakini kuchoka kutangaza ulipo hakumaanishi kuridhia kufuatiliwa ulipo. Wengine husema kunyamaza ni kukubali. Katika biashara, kunyamaza kwa asiyejua anaulizwa nini si kukubali. Mtu aliyeruhusu programu ya hali ya hewa ijue mji wake hakupatana na mtu kwamba safari zake zipimwe ili duka fulani lijue kama tangazo lake limemvuta. Kitufe cha zamani kilikuwa na fadhila moja kubwa: usipokibonyeza, hukuhesabiwa.

Pingamizi ya pili ina uzito zaidi. Inasema ufuatiliaji wa kimya una manufaa, kwa kuwa ramani zimekuwa sahihi na mapendekezo yamekuwa bora, na kwamba takwimu huuzwa kwa jumla, bila majina. Manufaa hayo siyakatai. Tatizo ni ile ahadi ya kutokuwa na majina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watu milioni 1.5, ukitumia miezi 15 ya kumbukumbu za simu, ulionyesha kuwa pointi nne tu za mahali na wakati zinatosha kuwatenga asilimia 95 ya watu hao, kila mmoja na wengine wote. Nyayo zetu ni majina yetu. Ndiyo maana mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilizichukulia hatua X-Mode na Gravy Analytics, wafanyabiashara wa takwimu za mahali, kwa kuuza kumbukumbu ambazo zingeweza kuonyesha nani ameingia kliniki na nani ameingia nyumba ya ibada. Foursquare haikuwa mshtakiwa katika mashauri hayo, na tofauti hiyo isifutwe. Lakini soko walilouzia ni lilelile ambalo kitufe kilisaidia kulizaa. Pia hakuna hata moja kati ya mambo haya linalojenga uaminifu. Kujua kwamba mteja amepita si sawa na kumpa sababu ya kurudi.

Funzo hili linatuhusu Afrika Mashariki, ambako simu ndiyo pochi, na ambako maduka, mabenki na huduma za usafiri zinazidi kuomba namba na mahali pa mteja kwa ahadi ya pointi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa aeleze anazikusanyia nini. Mfanyabiashara anayetaka wateja wa kudumu asisubiri kushurutishwa na sheria. Amwombe mteja waziwazi, amlipe kila mmoja kwa kadiri ya anachonunua, na amwachie uwezo wa kukataa bila kunyimwa huduma. Na wewe mteja, unapoombwa ruhusa ya mahali ulipo, uliza mambo matatu kabla ya kukubali: nani ataiona, ataitumia kwa nini, na wewe utapata nini. Asiyekuwa na majibu ya maswali hayo hastahili kujua ulipo.