MTAA WETU, SEHEMU YA 4: Kata ya Reli, mbona treni hakuna?

Leo tunajibu swali ambalo watoto wanatuuliza sana tukipita nao mjini: kama hii ni kata ya Reli, treni iko wapi? Tusiwaambie "ndiyo jina tu". Jibu lipo, na linatuhusu sana sisi tunaolea sasa hivi.

Treni ilikuwepo kweli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na shida ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1947 ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga huku Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufika baharini, na ghuba yetu ina kina kirefu kinachofaa meli kubwa. Kabla ya hapo mji wenye jina ulikuwa Mikindani. Basi mji mpya ukachorwa haraka haraka: bandari, reli, nyumba za wakubwa kule Shangani upande wa bahari, na wafanyakazi upande wa ndani.

Sasa angalia tarehe. Mradi wa karanga ulivunjwa 1951. Bandari ikafunguliwa 1954. Yaani gati lilikamilika wakati karanga zenyewe zimeshakufa! Reli ikabaki na mizigo michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Likabaki jina.

Lakini bandari haikufa, na sababu yake ni korosho. Zao hili lilikuwa mikononi mwa familia za huku wenyewe, kwa hiyo halikuondoka na mkoloni wala mradi. Ada ngapi za shule zimelipwa na mikorosho ya babu na bibi? Mnajua wenyewe.

Baada ya hapo kusini kulitulia muda mrefu. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita vya ukombozi mpaka Msumbiji ikapata uhuru 1975. Barabara ya Dar nayo ilikuwa adhabu. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, na hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita kama 60, kiliendelea kutesa watu kwa matope miaka mingine mingi. Kwa sisi wa afya barabara ni suala la uhai. Mama mwenye uchungu pingamizi au mtoto anayehitaji upasuaji hawezi kusubiri mvua iishe.

Halafu ikaja gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay tangu 1982, ila ilikaa chini ya ardhi miaka zaidi ya 20 kabla ya kuanza kutuzalishia umeme hapa Mtwara. Kuanzia 2010 hivi makampuni yakagundua gesi nyingine nyingi baharini, na hapo mji ukachangamka. Meli za utafiti bandarini, hoteli zinajengwa, madalali kila kona. Kodi za nyumba zikapanda. Kuna waliouza viwanja kwa matumaini na kuna waliokopa wajenge vyumba vya wageni.

Mwaka 2013 serikali ilipokuwa inajenga bomba la kupeleka gesi Dar, watu wakaandamana: "Gesi haitoki!" Mwezi Januari na tena Mei kulikuwa na vurugu, watu wakapoteza maisha, nyumba zikachomwa, familia zikajifungia ndani. Bomba likakamilika 2015. Kabla ya hapo, 2014, bei ya mafuta duniani ilikuwa imeanza kuporomoka, utafiti baharini ukapungua, na wapangaji wengi wakaondoka. Waliokopa wakabaki na vyumba vitupu na marejesho ya benki.

Mnaona inavyofanana na karanga? Habari kubwa inatoka nje, mji unavimba, uamuzi unafanyika mbali, kisha wageni wanaondoka. Tofauti ipo kwenye kile kinachobaki. Gati la 1954 lilibaki. Umeme wa gesi umebaki. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo ilijengwa kwa miaka mingi hadi watu wakakata tamaa, lakini ilianza huduma 2021, na leo kuna wagonjwa wanaotibiwa hapo ambao zamani wangepandishwa basi kwenda Muhimbili.

Nimeandika haya kwa sababu reli imeanza kutajwa tena. Mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 1,000 mpaka Ziwa Nyasa, umezungumzwa kwa miaka mingi. Huenda wajukuu zetu wakaiona treni kata ya Reli, na mimi naombea hivyo. Ila dalali akija na habari ya reli mkononi akitaka kiwanja cha familia, kumbuka karanga, kumbuka gesi. Uliza: mradi huu ukisimama kesho, watoto wangu watabaki na nini? Kaeni chini baba na mama, na wazee wahusishwe, kabla hati haijatoka kabatini.

Na ukienda mkutano wa mtaa, usiishie kuuliza ajira. Uliza pia zahanati, maji na mitaro. Mradi ukileta watu elfu moja, wanakuja na wajawazito na watoto wao, na foleni ya kliniki ni ileile yenu.

Kama una bibi au babu aliyewahi kupanda treni ya Nachingwea, muulize leo nauli ilikuwa kiasi gani na alibeba nini. Kisha tuandikieni hapa chini, watoto wetu wasome.

Sehemu ya 5 tutakwenda Mikindani. Lindeni watoto na mbu, mvua zimeanza.

Nesi wenu 💚