Tarehe 15 Agosti: siku moja katika historia ya watu na ya Eklezya



Yubile ni kazi ya kukumbuka. Katika Agano la Kale mwaka wa yubile haukuwa wa ngoma na karamu tu: mtumwa alirudishiwa uhuru wake, na aliyeuza shamba la baba zake kwa sababu ya umaskini alilipata tena. Ndiyo kusema, watu walikumbuka ili watengeneze yaliyoharibika. Kwa nia hiyo hiyo tumependa kuchagua katika kalendari siku moja tu, inayojulikana sana na wakristu wote, na kutazama mambo yaliyotendeka siku hiyo katika nyakati na nchi mbalimbali. Siku hiyo ni tarehe 15 Agosti.

Tuseme neno moja kwanza, kusudi mtu asikosee. Sisi si waaguzi wa siku. Tarehe haina nguvu ya kuleta baraka wala balaa. Kati ya mambo tutakayosimulia, mengine yalitendeka tarehe 15 Agosti kwa sababu watu waliichagua siku hiyo kwa heshima ya Mama wa Mungu. Mengine yaliiangukia tu, kama mvua inavyoangukia shamba la kila mtu. Lakini mkristu anayaangalia yote kwa mwanga wa sikukuu hiyo, na hapo ndipo anapopata fundisho.

I. Asili ya sikukuu

Kupalizwa mbinguni kwa Bikira Maria ni sikukuu ya zamani sana. Wakristu wa Mashariki waliiadhimisha kwa jina la Kulala kwa Mama wa Mungu, na mwishoni mwa karne ya 6 kaisari Maurisi wa Konstantinopoli aliamuru iadhimishwe tarehe 15 Agosti katika ufalme wake wote. Baadaye Roma nayo iliipokea. Papa Pio XII alitangaza fundisho hilo kuwa nguzo ya imani tarehe 1 Novemba 1950. Basi waamini waliisali imani hiyo kwa muda wa miaka zaidi ya elfu moja kabla ya kutangazwa rasmi.

Na ni nani anayeheshimiwa siku hiyo? Si malkia aliyezaliwa katika jumba la wafalme. Ni msichana wa Nazareti, kijiji kilichodharauliwa, mke wa fundi seremala. Katika Misa ya siku hiyo tunasoma utenzi wake katika Evanjili ya Luka, ambamo wanyonge wanainuliwa na wenye enzi wanashushwa. Tushike neno hilo; ni ufunguo wa yote yanayofuata.

II. Siku iliyochaguliwa

Tarehe 15 Agosti 1534 vijana saba, wanafunzi wa chuo kikuu cha Paris, walipanda kilima cha Montmartre. Mmoja tu kati yao alikuwa padri, Pierre Favre, naye aliwasomea Misa. Aliyewakusanya alikuwa Ignasi wa Loyola, askari wa zamani aliyejeruhiwa mguu vitani. Siku hiyo walitoa nadhiri ya kuishi kimaskini na katika usafi wa moyo, na ya kwenda Yerusalemu kuwatumikia watu. Hawakuwa na fedha wala nyumba. Mwaka 1540 Papa alikubali shirika lao, Shirika la Yezu, na mwaka 1548 Wayezuiti wa kwanza walikwisha kufika katika ufalme wa Kongo.

Mmoja wa wale saba, Fransisko Ksaveri, alishuka katika bandari ya Kagoshima, nchi ya Japani, tarehe 15 Agosti 1549. Ndivyo Evanjili ilivyoanza kuhubiriwa katika visiwa vile. Baadaye mateso makali yaliwapata wakristu wa Japani, mapadri wakauawa au kufukuzwa, lakini katika vijiji vya Nagasaki baba na mama waliwafundisha watoto wao sala kwa siri na kuwabatiza, kwa muda wa miaka zaidi ya 200, bila padri hata mmoja. Sisi tuliolelewa na makatekista tunaielewa vizuri habari hiyo.

III. Siku ya silaha

Tarehe 15 Agosti 1914 mfereji wa Panama ulifunguliwa, na meli ikapita kwa mara ya kwanza kwa sherehe kutoka bahari moja hadi nyingine. Wakuu wa dunia walijivunia kazi ya mikono yao. Siku hiyo hiyo, merikebu za Wadachi zilishambulia bandari ndogo ya Mokolobu, kwenye ukingo wetu wa ziwa Tanganyika. Juma moja baadaye waliushambulia pia mji wa Lukuga, ambao leo ni Kalemie. Ndivyo vita ya Wazungu ilivyoingia katika Kongo.

Vitabu vya vita vinataja majina ya majenerali, na ushindi wa Tabora wa mwezi wa tisa 1916. Havitaji majina ya wapagazi. Hao walichukuliwa kwa maelfu na maelfu katika vijiji, wakabeba risasi na vyakula kichwani, wakapanda milima na kuvuka mito, na wengi wao hawakurudi. Njaa, kuhara na homa viliua watu kuliko risasi. Katika jamaa nyingi za mashariki kuna babu ambaye kaburi lake halijulikani.

Miaka 31 ilipita. Tarehe 15 Agosti 1945 watu wa Japani walisikia kwa redio, kwa mara ya kwanza, sauti ya mfalme wao mkuu Hirohito, akiwaambia kwamba vita imekwisha. Duniani kote watu walicheza barabarani. Lakini tukumbuke jinsi vita hiyo ilivyokwisha. Tarehe 6 Agosti bomu la atomu lilikuwa limeteketeza mji wa Hiroshima. Tarehe 9 bomu la pili liliangukia Nagasaki, karibu na kanisa kuu la Urakami, mtaa wa wana wa wale wakristu waliosali kwa siri. Saa ile walikuwamo kanisani mapadri wakiungamisha, na waamini wakijitayarisha kwa sikukuu ya tarehe 15. Hakuna aliyetoka mzima. Kati ya wakristu wa mtaa huo, maelfu walikufa.

Jambo hilo linatugusa sisi pia. Uranium iliyotumiwa katika bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga. Wafanyakazi wa Kongo waliichimba bila kuambiwa itafanya kazi gani. Udongo wa nchi yetu ulifika Japani kwa namna ambayo hakuna mchimbaji aliyeitaka. Hata leo, watu wanaponunua na kuuza mali ya ardhi yetu, inafaa kujiuliza: inakwenda wapi, na inafanya nini huko?

IV. Siku ya bendera na ya muziki

Tarehe hiyo imeona pia furaha ya mataifa. Tarehe 15 Agosti 1947 Bara Hindi lilipata uhuru wake kutoka kwa Waingereza. Na karibu nasi, ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville ilipata uhuru wake tarehe 15 Agosti 1960, wiki sita na nusu baada ya Kongo yetu.

Mwaka mmoja kabla ya bendera hiyo, tarehe 15 Agosti 1959, orkestra moja ilipiga muziki wake kwa mara ya kwanza katika mtaa wa Poto-Poto, pale Chez Faignond. Iliitwa Bantous de la Capitale. Kati ya waanzilishi wake walikuwamo Jean-Serge Essous, Nino Malapet na Edo Nganga. Wengine wao walikuwa wamepiga muziki upande wa pili, Léopoldville, katika OK Jazz. Walivuka mto kurudi kwao kwa sababu uhuru ulikuwa unakaribia. Mapadri wa nyakati zile waliwaonya vijana juu ya baa na ngoma za usiku, na hawakukosa sababu. Lakini tukubali pia kwamba wanamuziki hao waliunganisha miji miwili iliyotengwa na mto na kwa mipaka ya wakoloni, na kwamba nyimbo zao zilidumu kuliko serikali nyingi.

Kwa maana serikali ile ya kwanza haikudumu. Rais wake, Fulbert Youlou, alikuwa padri ambaye askofu wake alimkataza kuadhimisha Misa alipoingia katika siasa. Aliendelea kuvaa kanzu, na watu wakamwita Abbé. Tarehe 13 Agosti 1963 wafanyakazi waligoma na kuandamana. Tarehe 15 Agosti, miaka mitatu kamili baada ya uhuru, Youlou alijiuzulu. Sikukuu aliyoishangilia akiwa mkuu wa nchi ikawa siku ya kushuka kwake. Hatusemi hayo kwa kumcheka marehemu. Tunayasema kwa sababu kila mwenye cheo, awe mkuu wa serikali au mkuu wa kamati ya parokia, anahitaji kusikia utenzi wa Maria kwa masikio mawili.

V. Onyo la Kibeho

Tarehe 15 Agosti 1982, huko Kibeho katika Rwanda, watu wengi walikusanyika wakitumaini siku ya furaha, kwa maana wasichana wa shule ya pale walikuwa wakisema kwamba Bikira Maria anawatokea. Badala ya furaha, wasichana walilia na kutetemeka. Walisema wanaona mto wa damu, watu wakiuana, na maiti zisizo na mtu wa kuzizika. Wengi hawakuelewa. Miaka 12 baadaye, mwaka 1994, Rwanda iliona mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na hata ndani ya kanisa la Kibeho watu waliuawa. Mwaka 2001 askofu wa Gikongoro alitangaza kwamba matokeo hayo ni ya kuaminiwa. Sisi watu wa mashariki, tulioona wakimbizi na kisha vita vyetu wenyewe, hatuwezi kusema kwamba onyo hilo lilikuwa la jirani tu.

VI. Siku ya Anuarite

Sasa tunafika kwenye 15 Agosti iliyo yetu kabisa. Siku hiyo ya mwaka 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta kuwa Mwenye Heri, mwanamke wa kwanza wa Kibantu kupewa heshima hiyo. Siku haikuchaguliwa bure: binti wa Wamba aliinuliwa katika sikukuu ya binti wa Nazareti.

Anuarite alizaliwa mwaka 1939. Tangu utoto alitaka utawa, akaingia katika shirika la Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaweka nadhiri mwaka 1959. Alifundisha shule, alipika, alishona, alitunza sakristia. Hakuwa mtu mkubwa. Tarehe 29 Novemba 1964 waasi wa Simba waliwachukua masista wote kwa kamyo. Kabla ya kupanda, alirudi kuchukua sanamu ndogo ya Bikira Maria akaitia mfukoni. Waliambiwa wanapelekwa Wamba, kumbe kamyo iligeuzwa njia hadi Isiro. Huko mkuu mmoja wa waasi alitaka kumchukua kwa nguvu. Alikataa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Kanali Pierre Olombe alimpiga, akaamuru achomwe visu, kisha akampiga risasi. Kabla ya kufa Anuarite alimwambia kwamba anamsamehe, kwa sababu hajui anachofanya. Maiti yake ilipofukuliwa baadaye katika shimo la pamoja, ilitambulika kwa ile sanamu ndogo.

Papa alipohubiri mwaka 1985 alifanya jambo lililowashangaza wengi: kwa jina la Eklezya nzima, alimsamehe mwuaji. Tufikiri vizuri. Haikuwa kusahau, kwa sababu jina la Anuarite lilikuwa linatangazwa siku ile ile mbele ya dunia. Haikuwa kusema kwamba kosa ni dogo, kwa sababu asiye na kosa hasamehewi. Ilikuwa kumaliza kazi ambayo sista mwenyewe aliianza katika giza la Isiro.

Kulikuwa na neno lingine pia katika siku hiyo. Tangu mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikuwa imekataza majina ya kikristu, na mwaka 1974 iliondoa Noeli katika sikukuu za taifa. Mtawala anaweza kufuta siku katika kalendari ya ofisi. Hakuweza kuifuta katika mioyo ya watu. Na mwaka 1985 umati ulijaa barabara za Kinshasa kwa heshima ya sista maskini.

VII. Fundisho kwa parokia yetu

Wandugu, tumepita katika karne nyingi kwa siku moja. Mfereji, mabomu, bendera, viti vya enzi: dunia iliyapigia kelele hayo. Lakini siku ile inabaki kuwa ya Maria, na pamoja naye ya wapagazi wasio na kaburi, wa wakristu wa Urakami, na wa sista mwenye sanamu mfukoni. Hivyo ndivyo Mungu anavyoandika historia, akianzia chini.

Basi parokia yetu nayo iandike namna hiyo. Katika yubile hii tusitaje tu majina ya waliojenga mnara na kuezeka paa. Tuwaulize wazee wetu wangali hai: nani alifundisha katekisimu wakati mapadri walipokimbia? Mama gani alificha kalisi? Nani aliuawa, na nani alizika? Majibu yaandikwe katika buku la parokia pamoja na tarehe zake, kabla mchwa na vita havijala kumbukumbu.

Tena kuna kazi iliyo ngumu zaidi. Katika mabenchi yetu wanakaa watu waliotendewa ubaya, na pengine viti viwili nyuma yao wanakaa waliotenda. Yubile ya Waisraeli ilifuta madeni. Mwenye kusema kwamba hawezi, aende kwa Anuarite amwombe nguvu. Mwenye deni la damu au la mali naye asingoje kuitwa: aje mwenyewe, akiri, arudishe.

Mwenye Heri Anuarite atuombee, na Bikira Maria Mpalizwa aichukue parokia hii mikononi mwake. Amina.