Nzi Asiyetaga Mayai

Ndugu zangu, juma hili tumzungumzie nzi. Msicheke. Kwa sababu ya nzi, mzee mmoja wa kwetu Lushoto alifunga bucha lake, nami nilikuwamo katika kisa hicho.

Nilikuwa mtoto wa shule. Siku ya gulio baba alinituma nyama. Mzee yule akanipimia kilo moja ya ng'ombe aliyechinjwa asubuhi ileile, akaifunga kwa jani la mgomba. Njiani nikawakuta wenzangu wanacheza mpira. Nikaiweka nyama juu ya jiwe, jani likafunguka, nami nikacheza hadi jua la utosi. Mama alipoitazama nyumbani, aliona vifunza vyeupe vinatambaa. Baba akairudisha sokoni huku anafoka.

Watu wakapiga hesabu: yai la nzi huchukua karibu siku nzima kuanguliwa, ikiwa funza wameshatoka, basi nyama ni ya jana. Habari ikaenea vijijini, wateja wakahama. Mimi nikanyamaza.

Hesabu ile ni sawa kwa nzi wa nyumbani. Lakini yuko mwingine, nzi wa nyama: mkubwa, wa kijivu, mwenye mistari mitatu myeusi mgongoni na tumbo la madoa mfano wa ubao wa drafti. Huyu hatagi. Mayai yake huanguliwa tumboni mwake, naye hudondosha funza walio hai, makumi kwa makumi, nao huanza kula papo hapo. Hujivua ngozi mara mbili, na baada ya siku kadhaa huiacha nyama na kujichimbia udongoni. Huko ngozi hugeuka ganda gumu la rangi ya kahawia, na ndani yake nzi mpya huumbika. Katika baridi ya milima yetu kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko katika joto la Tanga mjini.

Tusione haya kwa kutokujua. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliamini kuwa nyama ikioza huzaa funza yenyewe. Mwaka 1668 daktari wa Italia, Francesco Redi, alionyesha kosa lao. Aliweka nyama katika vyombo, vingine wazi, vingine vimezibwa, vingine vimefunikwa kitambaa chepesi. Nyama iliyopata funza ni ile tu iliyofikiwa na nzi.

Hapa Usambara, Wajerumani, ambao waliiita Lushoto Wilhelmstal, walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani mwaka 1902. Lakini mdudu aliyewaumiza vichwa watawala alikuwa mbung'o, mwenye kueneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mwaka 1905 hata Robert Koch, daktari mashuhuri, alikuwa Afrika Mashariki akimchunguza.

Mbung'o naye hatagi, tena amempita nzi wa nyama. Huzaa mtoto mmoja mmoja, baada ya kumlisha maziwa tumboni kwa siku 9 hivi. Tena jike aghalabu hupandwa mara moja tu maishani. Hapo ndipo penye udhaifu wake. Kuanzia mwaka 1994, mbung'o waliofugwa Tanga, madume yaliyohasiwa kwa mionzi, walimwagwa kwa ndege juu ya Unguja. Jike lililopandwa na dume la namna hiyo halizai. Mbung'o wa mwisho kisiwani alinaswa mwaka 1996, na ng'ombe wa Unguja wakaepukana na nagana.

Kumbe kujua nzi anavyozaliwa kunaweza kuokoa mifugo ya kisiwa kizima. Nilipoyasoma hayo nikiwa mtu mzima, yule mzee alikuwa ameshazikwa. Nikamwendea mwanawe mkubwa, nikampa shikamoo, nikamweleza habari za nzi asiyetaga. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Na ule mpira, mbona hukuusema siku ile?"

Sikuwa na jibu. Jambo hilo halikuhitaji elimu ya wadudu.

Basi ndugu zangu, funikeni nyama. Na kabla hamjamhukumu mwenye bucha, ulizeni kwanza nyama ilipitia wapi.