Majengo ya "mzimu" Korogwe: Watu wanamwogopa Mjerumani, kumbe wa kuulizwa ni wengine kabisa

Wadau wa kutembea wikiendi, hii inawahusu. Ukitoka Korogwe mjini kuelekea Magoma na Kerenge unaingia bonde la Lwengera, Usambara Mashariki upande mmoja, Usambara Magharibi upande wa pili. Usitegemee kukuta machimbo ya zamani. Utajiri wa huku ulikuwa mkonge, ndiyo ile waliyoiita dhahabu ya kijani. Lakini mambo ni yale yale ya miji ya migodi: mali ikiisha watu wanaondoka, majengo yanabaki, na stori zinaanza.

Stori zenyewe unazijua. Nyumba ya meneja juu ya kilima inawaka taa usiku wakati umeme ulishakatwa. Korona iliyokufa inasikika ikinguruma (tulia, siyo ile ya 2020! Korona ni kiwanda cha kuchakata mkonge, jina limetokana na mashine iliyoitwa Corona). Halafu kuna ile inayotembea Tanzania nzima, kwamba Mjerumani alifukia mali chini ya sakafu akaacha jini alinde. Watu wazima kabisa wanakesha na sururu kwenye magofu kwa ajili ya hiyo.

Sasa Mjerumani mwenyewe. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe 1902. Ukija mwaka 1964, nchi inazalisha zaidi ya tani 200,000 na inaongoza duniani. Kutoka miche 62!

Sasa jiulize, nani alikata majani yote hayo? Jani la mkonge lina mwiba nchani unaotoboa jicho, na utomvu wake unawasha ngozi. Wenyeji wengi walikuwa na mashamba yao, hawakuitaka kazi hiyo. Basi wakaletwa watu wa mbali: Kigoma, Njombe, Songea, Msumbiji, Ruanda-Urundi. Kila mmoja akapewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Mtu ametoka kwao na jina alilorithi kwa babu yake, akifika huku anaitwa kwa tarakimu. Malipo yalikwenda kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza fungu lako haikuhesabiwa. Wapo waliorudi kwao na nguo mpya. Wapo ambao hawakurudi, na mama zao hawakupata barua wala taarifa.

Hapo ndipo mumiani anapoingia. Enzi za ukoloni, pwani yote kuanzia Mombasa hadi Dar, watu waliamini kuna wanaokamata wenzao na kuwanyonya damu itengenezwe dawa. Unaweza kucheka. Lakini kwa familia iliyomtoa kijana akapotelea shambani, hiyo stori ilikuwa na mantiki kuliko maelezo yoyote ya bwana shauri.

Halafu mwisho wake haukuwa wa kutisha hata kidogo. Kamba za plastiki zikaja, bei ya mkonge ikaporomoka, mwaka 1967 serikali ikataifisha mashamba mengi, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata tani 30,000. Kwa hiyo aliyezihama zile nyumba hakufukuzwa na jini. Kazi iliisha.

Ukienda, usiishie kupiga selfi nyumba ya meneja. Tafuta kambi, zile safu za vyumba vidogo walimolala manamba. Hakuna anayezisimulia kama zina mzimu, pengine kwa sababu nyingine hadi leo zina watu. Pitia kwanza ofisi ya kijiji au ya shamba, maana mashamba mengi yana wenyewe na mengine yanafanya kazi. Sururu acha nyumbani.

Na ukikuta mzee amekaa kibarazani, mpe shikamoo, kisha muulize babu yake alitokea wapi. Atakutajia Kasulu au Kibondo, sehemu ambayo yeye mwenyewe huenda hajawahi kukanyaga.